Kipimajoto kinasoma nyuzi 39, mgonjwa anaomba blanketi la pili. Nani anadanganya?

#1 Mzee wa Karabai
Wakuu, salaam. Mimi ni mvuvi wa dagaa, kambi iko upande wa Ilemela, Mwanza. Mwalo gani sisemi, wanaonidai wamo humu.

Wiki iliyopita tumerudi alfajiri na kijana wetu anayekumba maji mtumbwini yuko hoi. Meno yanagongana mpaka unayasikia juu ya mlio wa injini. Tumemfunika koti langu la mvua, turubai la kufunikia nyavu na magunia mawili, bado analia baridi. Nikamshika shingo, nikatoa mkono haraka: anaunguza kama sufuria ya uji.

Kufika zahanati nesi akambana kipimajoto kwapani, 39.4. Kipimo cha haraka kikasema malaria. Nikamuuliza nesi, huyu ana moto hivi, mbona anaomba blanketi? Akajibu, "Ni ubongo wake ndio unamwambia yuko baridi," akaita mgonjwa mwingine.

Nimelala na hilo neno wiki nzima. Ubongo unajuaje joto la mwili? Una kipimajoto chake huko ndani? Na kama unacho, mbona kinapishana na cha nesi? Naomba kuwasilisha.

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa, karanga ninazo. Wajuzi waje.

#3 Fundi Baridi
Mkuu hapa umenigusa kazini. Natengeneza majokofu ya samaki Kirumba, mwaka wa kumi na mbili huu.

Jokofu lina tamostati. Umeiweka 4, ndani pakifika 6 kompresa inawaka, pakishuka inazima. Jokofu halijui baridi wala joto. Linachojua ni tofauti kati ya lilipo na linapotakiwa kuwa. Mwili nao umesetiwa 37. Malaria imekuja kwa kijana wako ikazungusha kitufe mpaka 40. Yeye yuko 39.4, kwa hiyo kwa hesabu ya ubongo wake bado anadaiwa. Ndiyo anatetemeka: misuli inachoma mafuta kutafuta joto la kulipa deni.

Hakuna anayedanganya. Nesi kasoma joto lililopo, kijana kasikia joto linalokosekana.

#4 Ng'wana Igoma
Fundi nimekuelewa, ila hicho kitufe nani kakizungusha? Mbu ana vidole?

#5 Tabibu Mstaafu
Mwangaluka wanangu. Fundi kajibu vizuri, ila kaishia mlangoni.

Mbu anakutemea vimelea. Vinapita kwenye ini kwanza, vinazaliana, kisha vinaingia kwenye chembe nyekundu za damu. Humo navyo vinazaliana mpaka chembe inapasuka. Kwa kimelea aina ya Plasmodium falciparum, ambayo ndiyo ya kwetu zaidi, mzunguko huo ni saa 48 hivi. Chembe zikipasuka kwa mkupuo, uchafu wote wa vimelea unamwagika kwenye damu. Askari wa mwili wanapiga yowe, na yowe lenyewe ni kemikali zinazoitwa saitokini. Zikifika kwenye mishipa ya damu ya ubongo, hapo inatengenezwa prostaglandini E2. Hiyo ndiyo inayokwenda kugusa seli za sehemu ya mbele ya haipothalamasi, kituo cha joto ndani ya ubongo.

Kwa hiyo ng'wana wane, mbu hana vidole. Prostaglandini anavyo.

Parasetamo kazi yake ni kupunguza utengenezaji wa hiyo prostaglandini. Ukimeza, baada ya muda kitufe kinarudi 37, mwili unajikuta uko 39 na ziada haina kazi, unaimwaga kwa jasho. Wazee mnasema "homa imevunjika". Lakini kimelea bado yupo, parasetamo haimgusi. Anayemuua ni mseto, yaani dawa ya malaria. Wengi wanaponea jasho, wanaacha vidonge katikati.

#6 Kaka Buzuruga
Haipothalamasi nilisoma kidato cha tatu, ile yenye ukubwa wa yai la kuku si ndiyo?

#7 Mwalimu wa Baiolojia
Kaka hapo juu, mwalimu wako alikuwa na njaa. Haipothalamasi ina ukubwa wa lozi, gramu 4 hivi, iko chini katikati ya ubongo, juu kidogo ya paa la mdomo.

Niingie kwenye mada. Mleta uzi kauliza swali zuri kuliko majibu tunayompa: ubongo unajuaje? Mwaka 1885 Aronsohn na Sachs, wanafunzi wa udaktari kule Berlin, walichoma sindano ubongo wa sungura, na joto la sungura likapanda bila ugonjwa wowote. Mwaka 1938 Magoun na wenzake wakapasha moto sehemu ndogo ya ubongo wa paka. Mwili wa paka haukuwa na joto, ila akaanza kuhema ulimi nje. Mwaka 1961 Nakayama na wenzake wakachomeka waya mwembamba wa umeme hukohuko, wakasikiliza seli mojamoja. Baadhi zikipashwa joto zinapiga haraka zaidi, zikipozwa zinapunguza kasi.

Kipimajoto cha ubongo ndicho hicho: seli ambayo mapigo yake ya umeme yanaongezeka damu inayopita ikiwa na joto. Sasa shikeni hapa, maana wengi huhesabu kinyume. Kwa maelezo yaliyozoeleka, seli hizo ni breki. Wakati wote zinazikandamiza sehemu nyingine za ubongo zinazoamuru kutetemeka, kubana mishipa ya ngozi na kuchoma mafuta. Damu ikipata joto, breki inakazwa. Ikipoa, breki inaachiwa. Prostaglandini haiongezi mafuta kwenye injini, inazilegeza seli za breki.

Fundi, na hapo ndipo mfano wako wa kitufe unapopwaya. Hakuna aliyefungua fuvu akakuta mahali palipoandikwa 37.

#8 Bodaboda Mabatini
Mwalimu umetisha. Kumbe homa ni kushuka mlima wa Bugando breki zimekatika. Nimeelewa bila kwenda shule.

#9 Fundi Baridi
Mwalimu, tusigombane. Hata kwenye jokofu la zamani hukuti mahali palipoandikwa 4. Kuna chuma kinachojikunja na springi inayokivuta, 4 inazaliwa kati yao. Ukilegeza springi, namba inahama. Si kitu kilekile?

#10 Mwalimu wa Baiolojia
Si kilekile. Jokofu lako lina springi moja inayoamuru kompresa moja. Mwili una njia kadhaa, na kila moja ina kizingiti chake: jasho lina lake, mishipa ya ngozi lake, kutetemeka lake. Wapo wanasayansi wanaosema hakuna kitufe kabisa. Kuna njia nyingi zinazovutana, na 37 ndipo kamba inapotulia, basi.

#11 Fundi Baridi
Majokofu ya siku hizi yana sensa nne. Karibu karakana.

#12 Mama Dagaa
Habari zenu. Mimi naanika dagaa, miaka 51. Nisaidieni na mimi maana naona mnazungumza habari zangu bila kunitaja.

Miezi kumi sasa, nimekaa tu na mwenzangu tunachambua, ghafla joto linapanda kutoka kifuani mpaka masikioni, uso unawaka, jasho linachuruzika kwenye mgongo mpaka kanga inashika. Dakika chache limepita, halafu nasikia baridi. Usiku ndiyo usiseme, nageuza mto upande wa pili mara tatu. Nimepima malaria mara nne, hakuna. Mara moja nikauziwa mseto bila kipimo, nikameza wote. Kipimajoto kinasema 36.7. Sasa kinyume na kijana wa mleta uzi: yeye ana joto anasikia baridi, mimi sina homa naungua. Na kwangu kitufe kimeguswa na nani?

#13 Konki Master
Mama hayo ni mabati ya nyumba yako. Weka dari.

#14 Tabibu Mstaafu
Konki, huyo ni mama yako, tulia.

Mama yangu, hiyo ni dalili inayojulikana sana ya ukomo wa hedhi. Ovari zikipunguza homoni ya estrojeni, kuna kundi la seli za ubongo ndani ya haipothalamasi ambazo zilikuwa zinatulizwa na homoni hiyo. Zikikosa mtulizaji zinakua kubwa na kupiga kelele kupita kiasi, zinamwaga kemikali iitwayo nyurokinini B, na kelele hiyo inafika kwenye seli za jirani zinazosimamia joto. Jirani anaamini nyumba inaungua wakati haiungui. Anafungua mishipa ya ngozi, anamwaga jasho. Joto la ndani linashuka kidogo, ndiyo maana baada yake unasikia baridi.

Mwaka 2023 Marekani waliidhinisha dawa, fezolinetanti, inayoziba mahali nyurokinini B inapotua. Haina homoni ndani yake. Sisemi ikatafute, nasema ujue kwamba kitu chako kina jina na kina mahali kwenye ubongo. Ila jasho la usiku lina sababu nyingine pia, kifua kikuu kikiwemo. Ukiwa na kikohozi au unapungua mwili, pima.

#15 Mama Dagaa
Wabheja sana tabibu. Mume wangu alikuwa anasema nina hasira za ndani. Namsomea hii post leo usiku, naye atatoka jasho.

#16 Mzee wa Karabai
Uzi wangu umekuwa mkubwa kuliko mimi. Swali la pili wakuu. Usiku ziwani, upepo ukianza kutoka nchi kavu na nguo zimelowa, wenzangu wanapiga gongo kidogo "kupasha damu". Na kweli ukipiga funda mbili unasikia joto mpaka vidoleni. Nalo ni la ubongo au la kweli?

#17 Nesi wa Zamu
Hilo joto ni la kweli, mkuu, ila linatoka, haliingii. Ukiwa na baridi ubongo unabana mishipa ya ngozi ili damu yenye joto ibaki ndani kwenye moyo, ini na ubongo wenyewe. Pombe inafungua mishipa hiyo. Damu ya moto inakimbilia kwenye ngozi, ngozi ndiyo yenye vihisio, unasikia raha. Wakati huohuo upepo unaichukua. Umefungua mlango wa nyumba usiku ili upashe joto baraza.

Na mlevi hatetemeki vizuri, kwa hiyo hata injini yenyewe umeipunguza.

#18 Mkerewe Asili
Namuunga mkono nesi, nina ushahidi wa mwili wangu. Miaka sita iliyopita mtumbwi wetu ulipinduka usiku, tulikuwa watatu, tumeng'ang'ania dumu mbili za mafuta. Wawili hatukunywa, mmoja alikuwa amekunywa. Saa ya kwanza tunapiga soga kabisa. Baadaye nikaanza kutetemeka, nilitetemeka mpaka misuli ya tumbo inauma kama nimepigwa. Yule mwenzetu hakutetemeka sana, alikuwa anacheka cheka. Halafu akaanza kusema anataka kwenda kulala nyumbani, akataka kuachia dumu. Tulimfunga kwa mshipi wa suruali yangu. Kulipopambazuka wavuvi wa sangara wakatukuta. Wote tupo hai, Mungu mkubwa, ila yeye hakumbuki kitu tangu katikati ya usiku.

#19 Konki Master
Chai. Maji ya Victoria ni vuguvugu, tunaoga kila siku. Nyuzi 25 zinamgandisha nani?

#20 Mwalimu wa Baiolojia
Zinakupoza, Konki, tena bila haraka. Maji yanachukua joto la mwili kama mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Hewa ya nyuzi 25 unavaa fulana unatembea Capri Point. Maji ya nyuzi 25 ukiyaoga robo saa ni starehe, ukikaa usiku kucha yanakupunguza kidogokidogo mpaka mwili ushindwe kufidia. Joto la ndani likishuka chini ya 35 tayari ni hatari, na linavyozidi kushuka akili inachanganyikiwa na kutetemeka kunakoma. Huyo mwenzao kutaka "kwenda kulala" si utani. Na kutotetemeka kwake si kwa sababu alikuwa na joto.

#21 Konki Master
Sawa nimekaa. Pole Mkerewe.

#22 Bibi wa Magu
Wajukuu nawasoma tangu jana. Nyie mnazungumza seli, sisi tulizungumza degedege. Mtoto akiungua joto, akageuza macho, akakakamaa, tuliambiwa ni mdudu apitaye juu kama ndege, kivuli chake kikimwangukia mtoto ndiyo hivyo. Alifukizwa kinyesi cha tembo. Na tulikatazwa kabisa asichomwe sindano, atakufa. Nimezika mmoja. Nimefukiza mwingine na huyo yupo, anafundisha shule. Sasa mnieleze kwa huo ubongo wenu.

#23 Nesi wa Zamu
Shikamoo bibi, na pole kwa uliyemzika.

Ubongo wa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 haujakomaa, homa ikiingia baadhi yao umeme wa seli unachafuka kwa pamoja, ndiyo anakakamaa. Wengi wao inapita yenyewe kwa dakika chache na hawabaki na kasoro. Kwa hiyo aliyefukizwa akapona, alipona. Moshi ulikuwepo wakati anapona.

Ila huku kwetu degedege linaweza kuwa jingine kabisa: malaria iliyopanda kichwani. Hapo chembe zenye vimelea zinanata kwenye mishipa midogo ya ubongo na damu haipiti vizuri. Huyo asipofika mapema anaondoka. Habari ya sindano kuua ilitokana na hao: walifikishwa wamechelewa, wakachomwa, wakafa mkononi mwa nesi, sindano ikabeba lawama. Mtoto akikakamaa mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, kimbia.

Na wale wa kumfunika mablanketi matatu "jasho litoe homa", mnamwongezea tu. Wale wa kumtumbukiza kwenye beseni la maji baridi nao waache: kitufe kiko 40, ukimpoza kwa nguvu ubongo unajibu kwa kumtetemesha zaidi. Mpe parasetamo kwa uzito wake ili apate nafuu. Haizuii degedege, lakini atakunywa maji na kunyonya.

#24 Bibi wa Magu
Marahaba mjukuu. Hilo la "moshi ulikuwepo" nimelisikia. Sijalikubali lote.

#25 Mpasua Kokoto
Nesi unasema homa usipoze kwa nguvu. Sisi mwaka jana jua la mchana, kijana anapasua mawe tangu asubuhi, akaanza kuongea maneno ya ajabu, akaanguka. Ngozi moto balaa. Mmoja akasema ni malaria, tukampa parasetamo mbili na maji kidogo tukamlaza kwenye kivuli cha bati. Alifika hospitali hajitambui. Alipona ila daktari alitugombeza sana, alisema tungemmwagia maji. Sasa tumwamini nani?

#26 Tabibu Mstaafu
Wote wawili, maana ni magonjwa mawili tofauti. Hapa ndipo mfano wa Fundi unaokoa maisha, Mwalimu atanisamehe.

Mwenye malaria kitufe kimepandishwa. Mwili *unataka* 40. Mpasua mawe kitufe chake kiko palepale 37, ila joto la jua na la kazi limeingia kuliko jasho linavyoweza kutoa. Mwili *hautaki* 40, umeshindwa tu. Kwake prostaglandini haihusiki, kwa hiyo parasetamo haina cha kufanya. Joto la ndani likipita 40 na mtu anaweweseka, huyo mwagie maji mwili mzima, mpepee, mtumbukize ziwani hadi shingoni mkimshikilia kichwa kama ziwa liko karibu, huku mnatafuta usafiri. Kila dakika ina thamani.

#27 Fundi Baridi
Mwalimu umesoma post 26?

#28 Mwalimu wa Baiolojia
Nimesoma. Mfano unaosaidia mgonjwa si lazima uwe ndivyo ubongo ulivyoundwa. Ramani ya Mwanza inakufikisha Nyakato, lakini Nyakato si karatasi.

#29 Jirani wa Kisumu
Hamjambo wandugu wa ng'ambo ile. Huku dagaa sisi twaita omena, na joto ni lilelile. Kuna mtu ajue mbona nikila pilipili natoka jasho hata saa ya baridi? Hapo pia ni haipothalamasi?

#30 Dogo wa Chuo
Hiyo naijua! David Julius alipata Nobel 2020 kwa swali hilohilo la pilipili.

#31 Nesi wa Zamu
2021, dogo, pamoja na Ardem Patapoutian. 2020 ilikuwa ya virusi vya homa ya ini C.

#32 Dogo wa Chuo
2021, asante. Yaani kwenye ncha za neva za ngozi na ulimi kuna protini kama mlango, inaitwa TRPV1, inafunguka joto likifika kama nyuzi 43. Kemikali ya pilipili nayo inaufungua mlango huohuo. Ubongo unapokea taarifa kwamba kuna moto, hauwezi kujua kama ni moto au ni pilipili, basi unaamuru jasho. Kuna mlango mwingine, TRPM8, wa baridi. Huo unafunguliwa na mentholi, ndiyo maana pipi ya minti inapoza mdomo ambao haujapoa.

Na 2020 niliyokuwa nachanganya ni hii: Japani, Chuo Kikuu cha Tsukuba, walikuta kundi la seli ndani ya haipothalamasi ya panya, wakaliita nyuroni Q. Wakiziamsha, panya anashusha joto na matumizi yake ya nguvu kwa zaidi ya siku nzima, kama mnyama anayelala majira ya baridi, halafu anaamka mzima. Na panya kwa kawaida halali hivyo.

#33 Kaka Buzuruga
Watuwekee na sisi hiyo swichi, tulale mpaka bei ya sukari ishuke.

#34 Bodaboda Mabatini
Mimi wanilaze mwisho wa mkopo wa pikipiki.

#35 Siti ya Mbele
Karanga zimeisha nimehamia kwenye michembe. Endeleeni.

#36 Ng'wana Igoma
Mnasema ubongo wa mtu. Je, wale mijusi wetu wa kwenye miamba, wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu? Asubuhi wamejibandika juu ya jiwe kama wamegundishwa, saa saba mchana huwaoni. Hao nao wana kitufe? Damu yao baridi.

#37 Mwalimu wa Baiolojia
Swali la mwezi. Wanaitwa Agama mwanzae, jina la mji wetu limo humo. Hawana jasho wala hawatetemeki kupata joto, ila wana haipothalamasi, nayo inawaambia *wapi wakae*. Jiwe lenye jua, ufa wenye kivuli. Kutembea ndiyo kompresa yao.

Kuna utafiti wa miaka ya 1970 Marekani, kwa jamii nyingine ya mijusi, iguana wa jangwani. Walipodungwa bakteria, wenyewe wakahamia sehemu yenye joto zaidi. Waliozuiwa kupata joto hilo walikufa wengi kuliko waliopata. Yaani mjusi alijitafutia homa kwa miguu. Kwa hiyo wanaosema homa ni silaha, si ajali, wana hoja.

#38 Tabibu Mstaafu
Hoja nusu. Mjusi hana degedege, na si kila mgonjwa anaibeba homa. Nimeona homa ikimmaliza mzee wa moyo. Silaha nayo ina gharama.

#39 Konki Master
Uzi bila picha ya mjusi haujakamilika.

#40 Mzee wa Karabai
Wakuu nimerudi, mbalamwezi imetoka tumepumzika kambini. Mrejesho kidogo.

Nimenunua kipimajoto. Kijana wangu kamaliza mseto, jana jioni amesoma 36.8. Nilimuuliza ile asubuhi alikuwa anasikiaje. Kasema baridi haikumbuki sawasawa, anachokumbuka ni turubai lilivyokuwa linanuka dagaa.

Lakini nimepata jambo lingine. Nimejipima mwenyewe siku nne mfululizo. Saa kumi na moja jioni nasoma 36.9 au 37. Saa kumi alfajiri nasoma 36.1, mara moja 36.0. Hata kambini chini ya blanketi, bila upepo, bila kulowa. Situmii kitu, sitetemeki, sisikii baridi. Kijana alikuwa 39.4 akitetemeka, mimi niko 36 nimetulia. Sasa hapo nani kagusa?

#41 Mwalimu wa Baiolojia
Ndiyo uzuri wa kupima. Namba 37 tuliipata kwa Wunderlich, Mjerumani, mwaka 1868, aliyepima makwapa ya wagonjwa maelfu. Hata yeye alisema asubuhi ni chini kuliko jioni. Kuna kundi lingine la seli palepale haipothalamasi linaloshika saa ya mchana na usiku. Karibu na alfajiri linashusha joto hata kama uko macho kwenye mtumbwi. Njia zote zinavutana upya, kamba inatulia pengine. Mnaona sasa kwa nini nasema hakuna 37 iliyoandikwa?

#42 Fundi Baridi
Au tamostati ina taima. Nimefunga mbili wiki hii.